Nilivyompima mama mkwe umeme wa ubongo akiwa amejifunika kanga usoni

Wakuu, salaam kwenu. Walioko kazini poleni, walioko vijiweni mniwekee nafasi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nagonga like, napita. Leo na mimi nina la kwangu. Limetokea ndani ya nyumba yangu na sijatia chumvi. Kuna sehemu chumvi nimeipunguza kabisa, maana mke wangu naye huwa anapita humu.

Majina nimebadilisha, hospitali siitaji. Ukiitambua kaa nayo.

Kwanza mnijue kidogo.

Naishi Ihumwa, hapa Dodoma. Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo, kipimo kinaitwa EEG. Nakubandika vidude vyenye waya kichwani, vinaitwa elektrodi, halafu kompyuta inachora mawimbi ya ubongo wako mstari kwa mstari. Hakiumi. Hakikupigi shoti. Kinasikiliza tu umeme ulionao mwenyewe.

Na hakisomi mawazo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna jamaa aliwahi kuniletea mke wake nimpime nimwambie anamuwaza nani. Nikamwambia kaka, mashine hii ingekuwa na uwezo huo mimi ningekuwa tajiri siku nyingi.

Asili yangu ni Kolo, kule Kondoa. Mimi ni Mrangi. Mke wangu Mage ni Mgogo wa Kongwa. Hapo ndipo habari inapoanzia.

Ukweni kwangu (nasema ukoo wa Mage tu, sisemi Wagogo wote, msije mkanirukia) mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana heshima ya kukimbiana.

Hamkai chumba kimoja. Hamli pamoja. Mkono hampeani. Mkikutana njiani mmoja anakata kona. Ikibidi kusalimiana, mimi naangalia chini natoa shikamoo, yeye anavuta kanga mpaka usoni na kuitikia kwa chini chini, halafu kila mtu anashika njia yake.

Mwanzoni nilidhani ananichukia. Kwetu heshima ipo, ila hatufichani kiasi hicho. Nikamuuliza Mage, mama yako nimemkosea nini? Mage alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Baba Ima, Mama anakupenda. Angekuwa hakupendi angekuangalia usoni."

Na kweli alikuwa ananipenda, ila upendo wake ulikuwa unafika kwa gunia. Karanga, unga wa uwele, mlenda uliokaushwa, kuku wawili wamefungwa miguu, vyote vinashushwa kwenye basi na ujumbe kwa Mage: "Hivi ni vya mkwe." Nikiugua malaria anapiga simu kwa Mage mara tatu tatu kuuliza mkwe amekula nini. Simu ya kuongea na mimi mwenyewe hapewi na haombi.

Kwa hiyo uso wake nilikuwa siujui vizuri. Nilichokuwa nakijua ni sauti.

Yule mama alikuwa msemaji, wakuu! Tukienda Kongwa mimi nakaa sebuleni na wazee, yeye yuko jikoni na mabinti, nasikia hadithi zinavyomwagika. Anaigiza sauti ya mchungaji, anaigiza sauti ya mbuzi, anamwigiza hadi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma. Jiko zima linakufa kwa kicheko. Mimi sebuleni najikaza, natabasamu kwenye kikombe cha chai. Nikipita tu karibu na mlango, kimyaaa.

Nilikuwa napenda kwenda Kongwa kwa sababu ya sauti ile. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa twende kwenye tukio.

Asubuhi moja alikuwa anabangua karanga na majirani. Katikati ya maneno, maneno yakaharibika. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaanguka mapajani. Majirani wakawahi, wakatafuta gari, akaletwa Dodoma mjini, hospitali ninayofanyia kazi. Stroke, upande wa kushoto wa ubongo.

Uhai tukamshukuru Mungu. Mguu ukaanza kurudi, mkono nao polepole. Maneno hayakurudi.

Hapa nipumzike kidogo niwaeleze, maana watu wengi hawalijui hili. Kwa wengi wetu lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kiharusi kikipiga huko, mtu anaweza kupoteza maneno bila kupoteza akili. Kitaalamu wanaita afasia. Kuna anayekuelewa vizuri ila hawezi kutoa neno. Kuna anayetoa maneno mengi lakini yamevurugika. Kuna ambaye hata unachomwambia kinamfikia kama redio yenye mikwaruzo. Wote hao ukiwaona kwa haraka utasema wamechanganyikiwa, na mtaani ndivyo wanavyosemwa.

Swali letu lilikuwa moja tu: je, Mama anatuelewa?

Halikuwa swali la kitaalamu. Lilikuwa na uzito wake, na aliyeliweka mezani ni shemeji yangu Yohana.

Yohana ni mtoto wa kwanza, yuko Mwanza na familia yake. Ni mtu mwema, anampenda mama yake sana, ila ni wa kukata shauri haraka. Akanipigia simu.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa ubongo. Niambie ukweli, Mama yupo au hayupo?"

Nikamwambia bado hatujui.

"Kama yupo, tutamuuliza anataka kukaa wapi. Kama hayupo, Jumamosi nakuja, nafunga nyumba ya Kongwa, mifugo nagawa kwa majirani, namchukua Mwanza. Siwezi kumwacha mama yangu kijijini hajitambui."

Ukimsikiliza hakuwa na kosa. Ila pigeni picha: mama ambaye maisha yake yote ni Kongwa, anaamka siku moja Mwanza, kwenye ghorofa, nyumba yake imefungwa, kuku wameliwa, na anaelewa kila kitu ila hawezi kusema hapana. Mage alipowaza hilo alikuwa analia mpaka anakohoa.

Pale hospitali kuna dada mmoja wa tiba ya usemi, nimwite Rehema. Mhaya, mchangamfu, anajua kazi. Akaja wodini kumpima Mama lugha.

Mimi nikaona hii siikosi. Nikaacha shughuli zangu, nikaja na koti langu jeupe, nikasimama pale miguuni kwa kitanda, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Rehema akaanza. "Mama, nionyeshe kikombe kiko wapi." Kimya. "Mama, inua mkono wa kushoto." Kimya. "Mama, fungua mdomo. Toa ulimi." Hakuna kitu. Kanga imevutwa mpaka puani, macho yako kwenye shuka. Mage akarudia kila kitu kwa Kigogo, akambembeleza. Mama kama jiwe.

Rehema akafunga faili lake taratibu. Akatuambia kwa upole kwamba kwa leo hakupata jibu lolote, kwa hiyo hawezi kusema kama Mama anaelewa. Atajaribu tena wiki inayofuata.

Wiki inayofuata Yohana atakuwa ameshakuja na kuondoka.

Kwenye korido Mage akanishika koti. "Mama yangu yumo mle ndani. Mimi namjua. Jana usiku nilipomfunika miguu alinifinya mkono."

Nilitaka kumwamini. Ila kwenye kazi yangu nimeona ndugu wengi wanasema hivyohivyo, na mara nyingine wanakuwa wamejidanganya kwa mapenzi tu. Nikamkumbatia tu.

Basi, kuna jambo lingine. Mama alikuwa na vipindi vya kukodoa macho sehemu moja, haitiki hata kwa kutikiswa. Daktari akahofia isije ikawa ni kifafa kinachofuata stroke. Akaandika apimwe EEG.

EEG ni mimi. Mwenzangu yuko likizo kwao Songea. Yaani mtu wa kumshika kichwa mama mkwe, kumpima, kumsugua ngozi na kumbandika elektrodi moja baada ya nyingine, ni mimi mkwe.

Wakuu, nilitoka jasho.

Mtaniambia ugonjwa hauna heshima. Sawa. Ila mwingie nyinyi mle chumbani. Mage alikuwa ameshamfumua nywele zake, twende kilioni za siku zote, amemuosha kwa sabuni mafuta yatoke. Mama ameletwa kwa kiti cha magurudumu, kichwa wazi, mvi zote ziko nje. Aliponisikia tu nakohoa mlangoni, mkono mzima wa kushoto ukaenda kutafuta kanga.

Nikarudi nyuma. Nikamfuata Sista Neema, nesi wa kitengo chetu.

"Sista, njoo unishikie kichwa cha mkwe."

"Kichwa cha nani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka mgonjwa wa kwenye benchi akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. "Kuoa umeoa mwenyewe, kichwa nishike mimi!" Lakini akaja.

Tukavuta pazia katikati ya chumba. Upande huu mimi na kompyuta yangu, upande ule Sista, Mage na Mama. Nikawa naelekeza kwa mdomo. Weka futi ya fundi cherehani pale pua inapoanzia katikati ya macho, pandisha juu ya kichwa mpaka kwenye kinundu cha kisogoni. Gawanya. Weka alama. Sugua kidogo. Paka ile dawa nzito. Bandika. Hapana, Sista, hiyo ni ya sikio.

Kazi ambayo naimaliza haraka tu ikatuchukua karibu nusu ya asubuhi. Walipomaliza, Mama akavuta kanga yake ikafunika uso wote. Sista akataka kuitoa. Mage akamwambia mwache, haizuii kitu. Na kweli haikuzuia. Waya zikatokea chini ya kanga kwenda kwenye mashine, tukaanza kurekodi.

Nitaeleza kitu kimoja cha kitaalamu, kimoja tu, mnivumilie. Mtu akifumba macho ametulia, nyuma ya kichwa kunatokea mawimbi fulani mazuri, yamepangana, yanaitwa alfa. Akifumbua, yanapotea. Na zile elektrodi za juu ya paji zinaonyesha macho yanavyocheza. Kwa hiyo kila kipimo tunamwambia mgonjwa fumba macho, fumbua macho. Ni utaratibu wa kawaida, tunaufanya hata usingizini.

Sista akasema, "Mama, fumba macho."

Upande wa kushoto niliona pale stroke ilipopiga. Mawimbi mazito, ya uvivu. Niliumia, sitaficha. Nimeona mawimbi ya namna ile kwa watu wengi, lakini haya yalikuwa ya mtu aliyenitumia mlenda.

Upande wa kulia, nyuma, alfa ikaja.

"Fumbua macho." Ikapotea.

"Fumba." Ikaja.

Mimi nabonyeza alama zangu kwa mazoea. Fumba, fumbua, fumba, fumbua. Halafu mkono ukasimama juu ya kibodi.

Sista upande wa pili akaniambia, "Fundi, sijui kama anafumba. Uso siuoni."

Nikamwambia, "Anafumba."

"Umejuaje na wewe uko nyuma ya pazia?"

Nikamwambia arudie, ila asifuate mpangilio, aseme na maneno mengine yoyote. Sista akasema, "Mama, karanga." Hakuna kilichobadilika. "Mama, leo kuna upepo." Hakuna. "Mama, fumba macho." Mstari wa mbele unaoonyesha macho ukashuka, alfa ikaja nyuma.

Wakuu, nafikiri mmeona nilichokiona. Wagonjwa wengi ukiwaambia fumba macho, wanakuangalia, na wewe bila kujua unakunja uso, unaonyesha mkono, wanakuiga. Ndiyo maana wapimaji wanakuwa makini na ishara. Mama alikuwa amefunikwa kanga. Hakumuona Sista, hakumuona mtu. Kilichomfikia ni neno tupu, na neno lile alilielewa.

Nikasema kwa sauti, nikasahau kabisa kama niko na mkwe, "Mage, anatusikia!"

Tukampigia Rehema akaja mbio. Nikamwonyesha mistari. Alifurahi, lakini akanishika bega. "Taratibu, kaka. Fumba macho ni amri nyepesi. Hata mtu ambaye uelewa wake umeharibika sana anaweza kuifuata. Hii inatuambia kuna mlango. Haituambii nyumba ina vyumba vingapi."

Halafu akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Ila jana kwa nini hakunipa hata hiki kidogo? Jana chumbani tulikuwa nani?"

Nikamtajia. Wewe, Mage, na mimi.

Mage akageuka kuniangalia. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Baba Ima! Ulisimama miguuni kwake!"

Rehema hajaelewa. Mage akamweleza mambo ya mkwe, huku analia na kucheka kwa pamoja. Kwamba mama wa watu, Mgogo wa Kongwa mwenye heshima zake, anaambiwa fungua mdomo, toa ulimi, mbele ya mkwe wake aliyesimama kama askari! Atoe ulimi? Hata angekuwa mzima wa afya asingeutoa.

Mimi heshima ile naijua miaka yote ya ndoa. Ila nilidhani stroke imeifuta. Nilidhani mtu akipoteza maneno na adabu zake zinaondoka. Kumbe Mama alikuwa amepoteza maneno tu.

Rehema akafikiri kidogo. Akaangalia pazia, akaangalia kanga. Akaniambia, "Wewe baki hapohapo na mashine yako. Usitoe sauti. Nikiuliza, akifumba macho gonga meza mara moja."

Maana chini ya kanga Mama alikuwa huru. Kufumba macho hakumvunjii heshima mtu yeyote.

"Mama, tukiuliza swali, kama ni ndiyo fumba macho. Kama siyo, yaache wazi." Mage akarudia kwa Kigogo, polepole.

"Huyu ni Mage?" Nikagonga meza.

"Kwenu ni Kongwa?" Nikagonga.

"Kwenu ni Zanzibar?" Sikugonga.

"Yohana ni mtoto wako wa kwanza?" Nikagonga, na machozi yananitoka.

Maswali marefu yalimpotea, niseme ukweli. Rehema alipounganisha mambo mawili ndani ya swali moja, macho yalipepesa tu, hayakujua yaende wapi. Kuna mengine alikosea kabisa. Mlango ulikuwepo, lakini vyumba vingine kweli vilikuwa na giza.

Halafu Mage akauliza, "Mama, ng'ombe anataga mayai?"

Ghafla mistari yote ikavurugika. Chaneli zote, mbele na nyuma, nyeusi tii, zinaruka juu na chini. Nikajua ndiyo kile kifafa alichokihofia daktari. Nikapiga kelele, "Sista, muangalie, muangalie!"

Kisha Sista akajibu kutoka upande wa pili.

"Tulia, fundi. Anacheka."

Mabega yanacheza chini ya kanga, misuli ya kichwa na taya yote inacheka, ndiyo iliyovuruga mistari. Sauti haikutoka. Lakini nilikaa pale nyuma ya pazia naangalia kicheko cha mama mkwe wangu kwenye skrini, kicheko kilekile nilichokuwa nakisikilizia sebuleni. Sehemu ile ya rekodi, kikazi, ni uchafu, huwa tunairuka. Mimi niliirudia kuiangalia kama mara nne.

Kuhusu kifafa daktari alisoma kipimo, akampa dawa, vipindi vile vikaisha. Tuyaache hayo.

Jioni nikampigia Yohana. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu ya kitaalamu. Alipopokea nikajikuta nasema, "Yupo."

Nikasikia anahema. Baadaye akasema, "Basi aulizwe mwenyewe."

Mama akaruhusiwa kabla ya Jumamosi, akaja Ihumwa kwetu kwa muda tu, wakati kikao na Yohana kinasubiriwa. Tukampa chumba cha watoto. Mimi nikawa natumia mlango wa nyuma, nakula nje, nakohoa kila kona kama mzee wa miaka tisini. Watoto wanauliza Baba ana kifua? Mage anasema ana mkwe.

Jumamosi Yohana akafika. Wakakaa sebuleni yeye, Mage na Mama. Mimi nje, nyuma ya simtanki, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nasikia kila kitu kupitia dirishani.

Yohana alikuwa ameshafundishwa namna ya kuuliza. Swali fupi. Jambo moja. Halafu unasubiri.

"Mama, unataka twende Mwanza?"

Kimya. Nikamsikia Yohana anacheka kwa huzuni. "Loo, amekodoa macho hivyo! Sawa Mama, sawa. Nimeelewa."

Akauliza tena, kwa furaha sasa, maana jibu tulikuwa tunalijua wote. "Mama, unataka kurudi Kongwa?"

Kimya. Kikaendelea.

"Mama, Kongwa. Nyumbani. Unataka?"

Mage akasema kwa sauti ndogo, "Hajafumba."

Nikawaza, basi, hajaelewa. Tulijipa moyo bure. Mwanza hataki, Kongwa hataki, na mahali pa tatu hapakuwepo. Nilishika kichwa changu mwenyewe kwa mikono miwili.

Nikamsikia Mage anauliza kama mtu anayeogopa swali lake. "Mama, unataka ukae hapa? Kwangu?"

Baadaye Mage aliniambia kwamba Mama alifumba macho kwa nguvu mpaka machozi yakatoka pembeni.

Yohana akashtuka. "Lakini Mama, hapa ni kwa mkwe! Mtaishije?"

Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye mipango yote, kwa sababu kwa mila halikuwepo. Mama mkwe haji kuishi kwa mkwe wake. Haijadiliwi.

Nikasikia kiti kinasogea. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile ya karanga. Imekauka, inakwaruza, neno linasukumwa kama gari bovu.

"A... je."

"Mama?"

"Aje."

Mage akatoka nje mbio, kanga imemdondoka, hana kiatu. "Baba Ima, anakuita. Mama anakuita wewe!"

Niliingia sebuleni kwangu kama mgeni. Nikapiga magoti karibu na mlango, macho chini, nikatoa shikamoo. Nikainua macho.

Alikuwa ananiangalia. Uso wake wote uko wazi, mdomo umelala kidogo upande mmoja, macho yamelowa. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba Mage amerithi yale macho. Mimi ninayeongea Kirangi, Kiswahili na Kiingereza cha hospitali, sikupata hata neno moja. Yeye naye hakuwa nalo. Akapigapiga kochi pembeni yake kwa mkono wa kushoto, mara moja, mara mbili.

Nikaenda nikakaa. Mage akaleta ugali na mlenda, tukala chumba kimoja.

Kwa nini alichagua kwetu hatujui mpaka leo, kwa sababu sababu inahitaji maneno mengi na bado hajayapata. Labda ni Mage, labda wajukuu, labda ni kuwa karibu na mazoezi ya Rehema. Yohana aliondoka kwa amani. Nyumba ya Kongwa haijafungwa, anakaa binamu, kuku wapo.

Siku hizi Mama ana maneno yake machache. Maji. Chai. Mage. Ima. "Hapana" anaisema vizuri kuliko zote. Ruhusa ya kuandika haya nilimwomba, nikamweleza kwa sentensi fupi fupi. Akafumba macho.

Nilichojifunza, wakuu: mtu aliyepoteza maneno msimsemee haraka. Muulizeni fupi, mumpe muda, na muangalie nani amesimama chumbani. Sisi tulikaribia kumhamisha mama mzima kama kabati kwa sababu mimi nilisimama mahali pabaya.

Na muwahi hospitali. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, hapo si pa kusubiri kesho.

Najua humu kuna wenye mzazi, mume au ndugu wa hali hii nyumbani. Hebu tuambieni, wa kwenu "ndiyo" yake huwa inaonekanaje?